Asilimia 58 au asilimia 4? Namna ya kusoma tafiti za UVIKO unaong'ang'ania watoto

Mwaka 2021 swali moja lilipata majibu mawili. Kutoka Roma, madaktari wa Hospitali ya Gemelli, akiwamo Danilo Buonsenso, waliandika kwamba waliwafuatilia watoto 129 waliougua UVIKO-19, na kwamba waliopona kabisa hawakufika nusu: asilimia 42 tu. Waliobaki, asilimia 58, walikuwa bado na dalili moja au zaidi. Miezi michache baadaye, kutoka Zurich nchini Uswisi, kundi la Thomas Radtke na Susi Kriemler likaandika kwamba walioambukizwa wakabaki na dalili kwa zaidi ya majuma kumi na mawili walikuwa asilimia 4.

Hakuna aliyedanganya. Tafiti zote mbili zilipita mikononi mwa wahakiki, zikachapishwa kwenye majarida yanayoheshimika, na ukizisoma zenyewe utaona waandishi wameeleza wazi walichofanya. Ila habari inapofika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa Mbinga mjini, mkoani Ruvuma, maelezo yote yameshapukutika njiani, imebaki namba. Mzazi aliyetumiwa ile ya Roma halali usiku. Aliyetumiwa ile ya Zurich kule Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, anasema, "Basi, watoto haiwahusu," na binti yake anayelalamika uchovu tangu alipougua anaambiwa aache uvivu.

Makala haya ni ya hao wawili, pamoja na mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mtangazaji wa redio ambao huulizwa, "Hii ni kweli?" na hawana muda wa kusoma kurasa ishirini za lugha ya kitaalamu. Huhitaji kuwa daktari ili kuupima utafiti. Unahitaji maswali machache, na ukaidi kidogo wa kutokubali namba iliyokuja peke yake.

Watoto gani hao?

Tuanze na Roma. Watoto wale walikuwa wamethibitishwa kuwa na UVIKO-19 kati ya Machi na Novemba 2020, na walezi wao wakahojiwa, kwa wastani, zaidi ya miezi mitano baadaye. Kila dalili iliyotajwa ilihesabiwa. Karibu mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na shida ya usingizi. Wengine walikuwa na uchovu, maumivu ya misuli, kushindwa kutuliza akili kwenye masomo. Asilimia 12 walikuwa na pua iliyoziba.

Pua iliyoziba! Panda Litembo asubuhi ya Juni, wakati baridi ya milima ya Umatengo imeshika, uhesabu watoto wanaovuta kamasi njiani kwenda shule. Utapata wengi, na huwezi kusema pua zao zimezibwa na ugonjwa wa mwaka juzi. Sisemi kwamba watoto wa Roma hawakuwa wagonjwa. Wengine walikuwa wagonjwa kweli, na daktari anayewaona kila wiki alikuwa na sababu nzuri ya kupiga mbiu mapema. Nasema utafiti ule haukuwa na njia ya kutenganisha kilicholetwa na virusi na kile ambacho watoto huwa nacho siku zote, kwa kuwa haukuuliza watoto wowote ambao hawakuambukizwa.

Zurich walianza upande mwingine. Hawakwenda hospitali. Walichagua shule na madarasa kwa bahati nasibu, wakawatoa watoto damu mwishoni mwa 2020 na kutafuta kingamwili za virusi, alama kwamba mwili uliwahi kuambukizwa. Hapo wakapata makundi mawili kutoka madarasa yaleyale: 109 wenye kingamwili na 1,246 wasio nazo. Baadaye wazazi wa pande zote waliulizwa maswali yaleyale. Waliokuwa na dalili kwa zaidi ya majuma kumi na mawili walikuwa asilimia 4 upande wa kwanza na asilimia 2 upande wa pili.

Ni kazi safi. Lakini kabla hujaituma kwa shangazi yako umtulize, hesabu watoto badala ya asilimia. Asilimia 4 ya watoto 109 ni watoto wanne. Mama wawili zaidi wangekumbuka vizuri, wangekuwa sita. Kwa idadi ndogo hivyo, kanuni za takwimu zinasema ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 1 na asilimia 9. Kwa hiyo namba ya kufariji nayo imesimama kwenye miguu myembamba. Kila unapokutana na asilimia, uliza ni ya wangapi. Utafiti usiokuambia idadi hiyo mwanzoni kabisa usimtumie mtu yeyote.

Wale ambao hawakuugua

Ukikumbuka swali moja tu katika makala haya, liwe hili: je, watafiti waliwauliza na watoto ambao hawakuambukizwa? Kundi hilo wataalamu huliita kundi linganishi.

Mfano mzuri kuliko yote umetoka Uingereza. Utafiti uitwao CLoCk, ukiongozwa na Terence Stephenson, uliwaandikia vijana wa miaka 11 hadi 17 waliopimwa UVIKO-19 kati ya Januari na Machi 2021, wenye majibu ya kuwa nao na wasio nao. Walijibu 6,804: walioambukizwa 3,065 na wasioambukizwa 3,739. Miezi mitatu baada ya kipimo, asilimia 66.5 ya walioambukizwa walikuwa na dalili angalau moja.

Simama hapo kidogo. Mwandishi wa habari mwenye haraka ataishia hapa na kuandika: theluthi mbili ya vijana hawaponi UVIKO. Namba ni sahihi, sentensi ni ya uongo. Maana upande wa pili, wale ambao kipimo kilisema hawana virusi, asilimia 53.3 nao walikuwa na dalili angalau moja. Zaidi ya nusu! Siku ya kupimwa, waliokuwa na dalili upande huo walikuwa asilimia 8 tu. Nini kiliwapata katika miezi mitatu? Shule za Uingereza zilikuwa zimefungwa hadi tarehe 8 Machi mwaka ule, watoto wamekaa ndani, wengine wamefiwa, usingizi umevurugika, na mafua ya kawaida yalikuwa hayajaenda likizo. Uchovu na kuumwa kichwa havikuhitaji virusi vya korona.

Sasa fanya hesabu ya kutoa. Tofauti kati ya makundi ni kama vijana 13 katika kila 100. Ukiangalia waliokuwa na dalili tatu au zaidi kwa pamoja, walikuwa asilimia 30 kwa walioambukizwa na asilimia 16 kwa wengine, tofauti ya 14. Virusi viliongeza kitu, na si kidogo. Ila si theluthi mbili.

Hapa wapo wanaopotoka kwa upande wa pili. Husema: kwa kuwa hata wasioambukizwa walichoka, basi uchovu wa walioambukizwa ni mambo ya kichwani. Hapana. Kundi linganishi linatusaidia kukadiria wangapi, kwa jumla, wameumizwa na virusi. Halina uwezo wa kumnyooshea kidole Asha au Kondo na kusema wewe wako wa kweli na wewe wako wa kuigiza. Vijana wote wale walichoka kweli, sababu ndizo zilizotofautiana.

Denmark walifanya kazi kubwa zaidi, karibu watoto 11,000 walioambukizwa na 33,000 wasioambukizwa, kuanzia wachanga hadi wa miaka 14. Dalili zilizodumu zaidi ya miezi miwili zilionekana kwa asilimia 40 dhidi ya 27 kwa wa chini ya miaka minne, 38 dhidi ya 34 kwa wa miaka 4 hadi 11, na 46 dhidi ya 41 kwa wakubwa. Utaona mambo mawili. Tofauti ipo katika kila umri. Na pale penye pengo kubwa zaidi ni kwa wadogo kabisa, ambao hawawezi kusema wenyewe wanajisikiaje, majibu yote ni ya mzazi. Jambo la ajabu, kati ya watoto wa miaka minne na kuendelea, walioambukizwa walipata alama bora kidogo katika maswali ya ubora wa maisha kuliko wenzao. Watafiti walihisi kwamba waliokuwa hawajaugua ndio waliokuwa wakiishi na hofu ya kuugua. Utafiti mzuri huwa na kona kama hizo zisizonyooka. Ule usio na hata moja, usome mara mbili.

Nyavu za macho gani?

Wavuvi wa Liuli hawabishani juu ya samaki waliomo ziwani kabla ya kuulizana juu ya nyavu. Anayevua usipa kwa macho madogo na anayetega mbasa kwa macho makubwa watarudi na habari mbili za ziwa moja. Maana ya ugonjwa inafanya kazi hiyohiyo katika utafiti. Ukisema "dalili yoyote baada ya majuma manne" utazoa hata pua zilizoziba. Ukisema "dalili zinazomzuia mtoto kwenda shule baada ya miezi mitatu" utabaki na wachache, walioumwa sana.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa maana ya UVIKO unaodumu kwa watu wazima Oktoba 2021, na ya watoto na vijana ikaja Februari 2023. Kwa ufupi: mtoto aliyewahi kuambukizwa kwa uhakika, au kwa dalili zinazoelekea huko, ambaye dalili zimeanza ndani ya miezi mitatu tangu maambukizi na kudumu angalau miezi miwili. WHO ilitaja uchovu, kubadilika au kupotea kwa uwezo wa kunusa, na wasiwasi kuwa miongoni mwa zinazojitokeza zaidi, na ikasisitiza kuangalia jinsi zinavyogusa maisha ya kila siku: kula, kucheza, kusoma, tabia. Tafiti zote za 2021 nilizozitaja zilikuja kabla ya maana hiyo, kila moja na wavu wake.

Nchini Marekani, mradi wa RECOVER ulichapisha mwaka 2024 matokeo ya watoto na vijana 5,367. Kwa kipimo chao, asilimia 20 ya walioambukizwa wa miaka 6 hadi 11 na asilimia 14 ya wa miaka 12 hadi 17 walifikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa na UVIKO unaodumu. Namba hizo zilisambaa kama ndiyo hali ya watoto wote wa Marekani. Sivyo. Familia zilijiunga kwa hiari, na mwenye mtoto anayeumwa ana sababu zaidi ya kujiunga. Faida ya kazi hii iko kwingine: ilionyesha kuwa dalili hubadilika kwa umri. Wadogo walielekea zaidi kwenye shida za kumbukumbu na usingizi na kuumwa tumbo, wakubwa zaidi kwenye uchovu, maumivu na pua kutonusa. Mwalimu wa darasa la pili na wa kidato cha pili hawatakiwi kuangalia kitu kimoja.

Waliojibu na walionyamaza

Rudi CLoCk. Walioandikiwa walikuwa zaidi ya 50,000, na waliojibu ni 13 katika kila 100. Je, walionyamaza walikuwa wazima wasioona sababu ya kujaza fomu, au walikuwa wamechoka mno hata kuijaza? Hakuna anayeweza kusema, na watafiti wenyewe walikiri udhaifu huo kwenye karatasi yao. Tafuta sehemu hiyo kila mara, kwa kawaida iko karibu na mwisho. Watu huiruka, na mimi huianzia.

Njia ya kuuliza nayo ina uzito. King's College London walitumia programu ya simu ambamo wazazi waliandika hali ya mtoto siku baada ya siku. Katika watoto 1,734, ugonjwa ulichukua siku sita kwa mtoto wa katikati, na asilimia 4.4 ndio waliopita siku 28. Kuandika kila siku kunapunguza kusahau. Lakini mzazi mwenye simu janja, bando na subira ya kujaza kila siku ni mzazi wa aina fulani, na mtoto wake ni mtoto wa aina fulani.

Kuna na swali la lini. Tafiti nyingi zinazonukuliwa ni za virusi vya 2020 na mwanzo wa 2021, kabla ya aina ya virusi iitwayo Omicron, na kabla watoto wengi duniani hawajawahi kuambukizwa hata mara moja. Mtoto wa leo huenda ameshapambana navyo mara kadhaa. Usichukue asilimia ya Machi 2021 ukamvisha.

Na Mbinga je?

Hapa ndipo namba za Ulaya zinapoanza kupwaya, na sababu ya kwanza iko kwenye historia yetu wenyewe.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa kesho yake. Mapema Mei hesabu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikakoma kutolewa hadi mwaka uliofuata. Shule zote zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020. Chanjo zilizinduliwa Julai 2021. Katika miezi ya mwanzo sampuli zilipaswa kwenda maabara ya taifa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mbinga. Mtoto wa Lituhi aliyepata homa na kikohozi Februari 2021 hakupimwa. Nyumbani walisema ni "changamoto ya upumuaji", kama wengi walivyosema wakati ule, wakachemsha nyungu wakamfukiza.

Kwa hiyo mtafiti anayetaka kufanya Mbinga kilichofanywa Uingereza hana orodha ya waliopimwa. Na kundi linganishi atalitoa wapi? Uchambuzi wa tafiti za kingamwili barani Afrika ulionyesha kuwa waliokuwa nazo walipanda kutoka asilimia 3 Juni 2020 hadi asilimia 65 Septemba 2021. WHO ilikadiria kuwa maambukizi halisi barani yangeweza kuwa mara 97 ya yaliyoripotiwa. Kumpata leo mtoto ambaye una hakika hajawahi kuambukizwa ni kazi ngumu. Hata damu haimalizi ubishi, kwa kuwa kingamwili hufifia kadiri miezi inavyopita. Makundi mawili yakichanganyika, tofauti kati yao hupungua kwenye karatasi hata kama ipo kwenye miili.

Kwa kuwa tumegusa historia: wengi mnakumbuka Mei 2020, Rais John Magufuli akiwa Chato aliposimulia kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa na virusi. Mkurugenzi wa kituo cha kudhibiti magonjwa barani Afrika, Africa CDC, wakati huo, John Nkengasong, alikataa hitimisho kwamba vipimo vilikuwa vibovu. Yaacheni mambo ya siasa kando. Wazo la kupeleka kitu ambacho hakipaswi kuwa na ugonjwa ili kupima kipimo ni wazo halali la kisayansi, kila maabara nzuri hufanya hivyo. Kilichokosekana ni yale yanayolifanya liwe ushahidi: sampuli zilikuwa ngapi, nani alizichukua na kwa namna gani, zilirudiwa mara ngapi, na nani mwingine angeweza kurudia akaona yaleyale. Umma ulipewa simulizi, na maelezo hayo haukupewa. Maswali hayohayo ndiyo ya kuuliza juu ya utafiti wowote, uwe wa Oxford au wa Songea.

Sababu ya pili ni nchi yenyewe. Mbamba Bay iko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, joto, mbu na maji ya ziwa. Ukipanda barabara ya lami kuelekea Mbinga unaingia kwenye ngoro, yale mashamba ya mashimo ya Wamatengo, na mashamba ya kahawa, nchi ya baridi, na ndani ya nyumba nyingi moshi wa kuni haukosekani asubuhi na jioni. Mtafiti akichukua watoto walioambukizwa ufukweni na kuwalinganisha na wasioambukizwa wa milimani, atapata tofauti nzuri kabisa za uchovu, na itakuwa malaria na kichocho alivyopima. Akihoji Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, na kurudi Julai, baridi na msimu wa kuvuna kahawa, atakuta kikohozi kimepanda na mahudhurio shuleni yameshuka, na virusi havikuhusika. Kulinganisha kunakofaa ni kwa mtoto na jirani yake: kijiji kilekile, umri uleule, mwezi uleule.

Tena uchovu kwa mtoto wa kwetu una wagombea wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wenye miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu, na asilimia 30 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Ruvuma ikiwa miongoni mwa mikoa iliyo juu ya wastani huo licha ya mahindi yake. Daktari wa Roma anapoona mtoto amechoka miezi mitatu, orodha yake ya sababu ni fupi. Ya tabibu wa zahanati wilayani Nyasa inaanza na malaria na haiishii ukurasa wa kwanza.

Simalizi kwa kusema basi UVIKO unaodumu haupo huku. Virusi vilivyofika Zurich vilifika Lituhi. Ninachosema ni kwamba asilimia ya kule haisafiri, ila maswali yanasafiri.

Mwanao amechoka: ufanye nini

Usianze na jina la ugonjwa, anza na mtoto. Andika nyuma ya daftari lake la kliniki au la shule: aliugua lini, dalili gani zilibaki, zipi zimeongezeka, siku ngapi mwezi huu amekosa shule, kitu gani alikuwa akikifanya na sasa hawezi. Mstari mmoja kwa siku, kwa wiki mbili, utamsaidia tabibu kuliko kusema "tangu zamani".

Kisha nenda zahanati au kituo cha afya, na omba yaangaliwe yale yenye tiba: malaria, wingi wa damu, minyoo, kichocho kwenye mkojo na choo hasa kama anaoga ziwani, uzito na urefu, kifua kikuu kama kikohozi kimepita wiki mbili au kuna mtu nyumbani anayetibiwa ugonjwa huo, sikoseli kama haijawahi kupimwa, pumu. Muulizeni pia kwa upole anavyolala, kama kuna anachokiogopa shuleni, kama amefiwa. Tatizo likizidi uwezo wa zahanati, kuna Hospitali ya Litembo kwa wa milimani na ya Mtakatifu Anna Liuli kwa wa ufukweni, kisha rufaa ya Songea. Kwa ushauri, simu ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Yote hayo yakitoka salama na uchovu upo, sasa UVIKO unaodumu ni jambo la kuzungumza na daktari. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuuponya kwa watoto, kwa hiyo anayekuuzia chupa ya "kusafisha mabaki ya korona" mwache na chupa yake. Linalosaidia ni la polepole: kugawa shughuli vipande, kupumzika kabla hajachoka kabisa, kuongeza kazi na michezo kidogo kidogo, na kurudi nyuma kidogo siku ikimshinda. Mwalimu akubali nusu siku kwa muda. Mtoto aliyepoteza uwezo wa kunusa asiachiwe jukumu la kujua kama samaki wameharibika au chakula kinaungua. Walio wengi katika tafiti zilizowafuatilia watoto walipata nafuu kadiri miezi ilivyopita, na hilo mwambieni mtoto mwenyewe.

Jambo moja halisubiri daftari. Wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi, watoto wachache hupata hali ya hatari ambapo mwili mzima huwaka uvimbe: homa kali ya siku kadhaa, vipele, macho mekundu, kuumwa tumbo na kutapika, kisha mikono na miguu kuwa ya baridi au kulegea. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mtafiti akibisha hodi

Ipo siku atakuja mtu na fomu na kishikwambi, na ni vizuri aje, maana bila yeye tutaendelea kuazima namba za Zurich. Mkaribishe, lakini muulize. Kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kiko wapi? Serikali ya kijiji inamjua? Mzazi ana haki ya kusomewa maelezo kwa Kiswahili, kuuliza, na kukataa bila kunyimwa huduma kesho yake, na mtoto mkubwa aulizwe naye kama anakubali. Atachukua damu kiasi gani na ataipeleka wapi? Akikuta upungufu wa damu au kichocho, atamtibu mtoto au atakiandika tu? Atamhoji na mtoto wa jirani ambaye hakuugua? Na katika maswali yake, je, yamo majina ambayo watu wa hapa waliyatumia wakati ule, au anauliza "UVIKO-19" peke yake na kujaza "hapana" kila nyumba aliyoingia?

Muulize pia ni nani atakayeleta majibu kijijini, na mwezi gani, na uuandike mwezi huo kwenye daftari la mkutano wa kijiji mbele yake.